Nyeusi ya Chini ya Boneti

Mara ya kwanza kupaka rangi chumba cha injini cha gari langu la zamani, nilinunua kopo la kupuliza lililoandikwa "nyeusi", tena ile inayong'aa, nikaona nimemaliza. Rangi ilipokauka nikafungua boneti juani. Ukuta wa nyuma ya injini ukanionyesha kila bonde, kila alama ya nyundo, kila mahali ambapo fundi fulani wa zamani alichomelea na kusaga kwa pupa. Nyeusi inayong'aa ni kioo. Bati la miaka hamsini halina sura ya kutazamwa kwenye kioo.

Nikarukia upande wa pili, nyeusi ya mati, ile isiyong'aa kabisa. Siku za mwanzo nilijipongeza, maana mabonde yote yalitoweka. Kisha nikaanza kulitumia gari. Uso wa mati una vinundu vidogo mno ambavyo macho hayavioni, lakini grisi inavijua vizuri: inakaa humo na haitoki. Nikisugua kwa kitambaa, pale niliposugua panabaki na baka la kung'aa, na baka hilo haliondoki mpaka upulize upya. Kila nilipobadilisha plagi niliacha alama za vidole, utadhani nimeingia kuiba.

Kwa hiyo siku hizi ukiniuliza, nakujibu bila kufikiri: nusu mng'ao. Inafutika, haipigi kelele, na inakaribia sana sura ya kiwandani kwenye magari mengi yaliyotoka na chumba cheusi, kama Mustang za miaka ya 1960. Lakini hakikisha kwanza kwamba gari lako lilikuwa jeusi humo ndani. Volkswagen Beetle na MGB zilipakwa rangi ileile ya bodi, na kuzijaza weusi ni kuzivika nguo ya mwenzake. Kama hujui la kwako, kwangua nyuma ya bamba au chini ya kishikio ambacho hakijawahi kufunguliwa. Rangi ya kwanza huwa imejificha huko. Na usiamini kifuniko cha kopo. Nusu mng'ao ya mtengenezaji mmoja ni karibu mati kwa mwingine. Puliza kwenye kipande cha bati, kiache kikauke kabisa, kisha kiweke chini ya boneti ukitazame mahali pake.

Jambo linalonichosha kuliko yote ni ushauri wa "nunua rangi ya joto kali". Watu wanasikia neno injini wanawaza tanuri. Rangi zile zinazovumilia nyuzi 600 za Selsiasi zimetengenezwa kwa ajili ya manifoldi, ile inayokusanya moshi wa injini, na bomba la ekzosi, na nyingi hazikomai mpaka zichomwe kwa joto lenyewe kwa hatua. Kuta za chumba cha injini hazifiki huko. Hata maji ya redieta kwa kawaida yanazunguka nyuzi 90 hivi. Ukipaka rangi ya ekzosi ukutani inabaki laini, ukucha unaikwaruza, na petroli ikidondoka inaiondoa.

Adui wa kweli humo ndani ni vimiminika. Petroli kutoka kwenye kabureta, asidi ya betri, na mbaya zaidi, mafuta ya breki. Aina zake za DOT 3 na DOT 4 zinainua rangi ya kawaida kama maji ya moto yanavyomenyua ngozi; angalia chini ya masta silinda, ile pampu ya mafuta ya breki, ya gari lolote la zamani utaniunga mkono. Ndiyo maana natetea rangi ya sehemu mbili, ile yenye hadena, yaani kigumishi, ndani ya kopo, unayoibonyeza chini ichanganyike kabla ya kupuliza. Hata hiyo si ngao ya milele, mafuta ya breki yakimwagika yaoshe kwa maji haraka, lakini inakupa nafasi ya kukimbilia kitambaa. Ubaya wake ni aina mbili. Ukishaibonyeza una siku moja au mbili tu kabla haijaganda humohumo koponi. Na hadena ina isosayaneti, sumu inayoweza kukuachia pumu ya kudumu. Barakoa ya vumbi haisaidii kitu. Kama huna kinga ya kupumulia inayofaa na mahali pa wazi, tumia rangi ya kawaida ya kopo na ukubali kuirudia baada ya miaka michache. Mapafu hayapuliziwi upya.

Maandalizi nayapita haraka kwa kuwa kila mtu anayajua na kila mtu anayakwepa: ondoa grisi kwanza, ndipo upige msasa, si kinyume chake, vinginevyo unaisugulia grisi ndani ya chuma. Halafu praima, rangi ya msingi. Kisha tabaka nyepesi, kopo likiwa sentimita 25 hivi kutoka kwenye bati. Soma muda wa kurudia ulioandikwa koponi. Kwenye rangi nyingi za kawaida unarudia ndani ya saa moja au unasubiri siku nzima na zaidi; mimi nilirudia katikati, na rangi ikakunjamana kama shingo ya kobe.

Nusu mng'ao ilipokubali hatimaye, nilirudisha kila kitu, nikakaa kwenye usukani, nikazungusha ufunguo. Stata ikalia "tiki", ikanyamaza. Betri ilikuwa nzima. Nilihangaika saa mbili kabla ya kukumbuka mahali pale ambapo waya wa hasi unafungwa kwenye bodi: nilikuwa nimepapuliza pia, tabaka tatu, safi kabisa, na umeme haupiti kwenye rangi. Nikachukua msasa, nikaanza kuikwangua rangi niliyokuwa nimeitafuta mwaka mzima.