Shemeji Fundi na Pamba za Masikio

Shemeji yangu ni fundi simu Kariakoo, na mtu akishazoea kufungua simu huamini hakuna chenye skrubu duniani kitakachomshinda. Nilipolalamika kwamba sensa ya kamera, kile kibamba cha ndani kinachopokea picha, ina vumbi na sendofu ni Jumamosi, alicheka. "Shemeji, kioo ni kioo." Sijamaliza chai, kamera iko wazi, naye anachovya pamba za masikio za dukani kwa Mangi kwenye spiriti ya vidonda.

Sasa, spiriti ile ni 70%. Iliyobaki ni maji, na yakikauka yanaacha michirizi. Pamba nayo hunyonyoka. Vijiti vya kazi hii huvishwa kitambaa cha poliesta kisichotoa nyuzi, hufungwa kimoja kimoja, na upana wake hufuata sensa: 24 mm kwa kamera yenye sensa kubwa kama yangu, 16 mm kwa zenye sensa ndogo. Unadondoshea matone mawili, unapitisha mara moja, unageuza upande wa pili unarudi nao, unatupa. Shemeji aliposikia bei akauliza kama kamera hiyo huwa inaogeshwa kwa maziwa.

Ukumbini, tundu la lenzi limefunguliwa wazi, picha zikatoka safi. "Si nilikwambia?" Tulipotoka juani nikalibana tundu hadi f/16, dogo kiasi cha kuanika uchafu wa sensa, na hapo uzi wa pamba ukajitokeza: mweusi, umejikunja vizuri, umetua juu ya mdomo wa mama wa bibi harusi. Nikampiga shangazi, sharubu. Bibi harusi mwenyewe, sharubu.

Shemeji akaomba kamera arekebishe. Kwa kuwa uzi ulionekana juu ya picha, akakazana kusugua juu ya sensa. Lakini picha huingia mle kichwa chini, miguu juu. Uzi ulikuwa chini umetulia, akauletea na wenzake.

Usiku nikaufuta kwenye kompyuta. Uzi wa sensa hauhami, kwa hiyo unasafisha picha moja, kisha unaiamuru programu ifute palepale kwenye picha zote. Kazi ikaisha mapema, nikalala.

Asubuhi akapiga baba wa bwana harusi. Salamu zikawa ndefu mno, nikajua kuna jambo.

"Picha nzuri, kijana. Ila sharubu hizi nazifuga tangu enzi za Mwalimu. Upande wa kushoto umeupeleka wapi?"