Sahihi 800 kwa siku: haki ya kumwondoa mbunge na njia nyingine tulizo nazo

Chukua eneo bunge lenye wapiga kura 80,000. Sheria ya Uchaguzi ya Kenya, ilivyotungwa mwaka 2011, ilimtaka mwananchi anayedai mbunge wake aondolewe akusanye sahihi za asilimia 30 ya wapiga kura waliosajiliwa, tena ndani ya siku 30. Hizo ni sahihi 24,000, yaani 800 kila siku, Jumapili ikiwemo. Na zisitoke upande mmoja tu: katika zaidi ya nusu ya wadi, angalau asilimia 15 ya wapiga kura wawe wametia sahihi. Wapo wabunge walioingia bungeni kwa kura chache kuliko hizo.

Haki yenyewe imo katika Kifungu cha 104 cha Katiba ya 2010. Wanaoitetea wanaanzia Kifungu cha 1, kinachosema mamlaka yote ni ya wananchi, nao wanaweza kuyatumia wenyewe au kupitia waliowachagua. Aliyeazima kitu chako hawezi kukupangia siku ya kukidai. Miaka mitano ni mirefu: mtoto aliyeanza darasa la kwanza mbunge akiapishwa huwa amefika la sita kabla wazazi wake hawajapata tena nafasi ya kusema lolote kwa kura. Wanasema pia kwamba penye mlango halali wa kumtoa kiongozi, hasira haitafuti dirisha.

Wanaopinga nao wana hoja, na si wabunge wanaotetea mshahara peke yao. Aliyeshindwa kwa kura chache anaweza kuanza kukusanya sahihi kabla wino wa matokeo haujakauka. Mbunge anayesimama na jambo sahihi lisilopendwa, kwa mfano kutetea wakazi wachache wa eneo lake dhidi ya ukoo mkubwa, ndiye atakayekuwa wa kwanza kutishiwa. Kisha kuna gharama ya kura yenyewe. Ndiyo maana sheria iliweka kwamba mbunge hawezi kuondolewa katika miezi 24 ya kwanza wala katika miezi 12 ya mwisho kabla ya uchaguzi mkuu, na ikamzuia aliyeshindwa uchaguzini kuanzisha ombi hilo. Muda wa kumwacha afanye kazi naukubali. Kizuizi cha aliyeshindwa sikikubali hata kidogo, kwa sababu kushindwa hakumwondoi mtu katika daftari la wapiga kura.

Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu kadhaa vya sheria hiyo, kikiwemo kile cha aliyeshindwa. Kwa haki, hapo Bunge lingekaa na kuandika vifungu bora. Pengo lilibaki. Zaidi ya hapo, Tume ya Uchaguzi, ambayo ndiyo inayopokea maombi hayo, haikuwa na makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025. Kwa wabunge waliochaguliwa Agosti 2022, dirisha la kuwaondoa lilikuwa kati ya Agosti 2024 na Agosti 2026. Karibu nusu ya muda huo ilipita bila kamishna wa kupokea karatasi. Hadi leo hakuna mbunge hata mmoja wa Kenya aliyeondolewa kwa njia hii. Uganda nako haki hiyo iliandikwa katika Katiba ya 1995, lakini mabadiliko ya 2005 yaliifunga kwenye mfumo wa Movement, ule wa siasa zisizo na vyama, peke yake. Vyama vingi viliporudi, ikalala.

Kwa hiyo, huku tukidai mlango huo mkubwa ufunguliwe, tuangalie iliyo wazi. Kifungu cha 119 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi bungeni, na kamati inayopewa ombi hilo ina muda maalum wa kujibu. Kifungu cha 118 kinalazimisha Bunge kusikiliza umma kabla ya kupitisha sheria. Nimeshawahi kukaa katika vikao vya namna hiyo: mswada umeletwa kwa Kiingereza, nakala ni tatu, na watu mia moja wanaulizwa maoni yao. Bado nasema tuende, kwa sababu mahakama za Kenya zimeshawahi kubatilisha sheria kwa kukosa ushirikishwaji, na ushahidi wa kikao kibovu hutoka kwa aliyehudhuria.

Juni 2024 ilituonyesha njia nyingine. Vijana walisambaza namba za simu za wabunge, na maelfu wakapiga na kuandika ujumbe juu ya Mswada wa Fedha, uliotaka kuongeza kodi. Wabunge walilalamika kwamba wanasumbuliwa. Wapo waliotumiwa vitisho, na mahali ambapo familia zao ziliguswa mpaka ulivukwa. Lakini mpiga kura kumpigia mbunge wake na kumuuliza, "Mheshimiwa, utapiga kura gani?" ni kazi ya kiraia iliyo halali kabisa. Tarehe 25 Juni mswada ulipita kwa kura 195 dhidi ya 106. Siku iliyofuata Rais alikataa kuutia sahihi. Makumi ya Wakenya walikuwa wameuawa katika maandamano ya majira hayo, wapo waliokuwa wamebeba bendera na chupa ya maji tu, ilhali Kifungu cha 37 kinawalinda waandamanaji wa amani. Bei hiyo hairudishiki.

Kilichonibaki akilini ni orodha. Kila mtu alijua mbunge wake yumo katika 195 au katika 106. Miswada mingi huamuliwa kwa sauti, wanaokubali wanasema ndiyo na wanaokataa wanasema la, na jina la yeyote haliandikwi popote. Hapo mwananchi anamshika mbunge kwa lipi?

Anamshika kwa basari, ule msaada wa karo. Hili linaniuma kulisema kwa sababu nimeona wazazi wakilia kwa karo. Tangu 2003, Hazina ya Maeneo Bunge, yaani pesa za serikali za miradi ya kila eneo bunge ambazo mbunge ana sauti juu yake, imetufundisha kumpima mbunge kwa madarasa, karo na mchango wa matanga. Mahakama ya Juu ilisema Agosti 2022 kwamba sheria ya mwaka 2013 ya hazina hiyo ilikiuka Katiba, maana mtunga sheria na msimamizi wa matumizi hawezi kuwa mtu mmoja. Wanaoitetea hujibu kwamba bila hazina hiyo vijiji vyao visingeona darasa la mawe, na wanasema kweli. Lakini mama anayesubiri basari ya mwanawe atapata wapi ujasiri wa kuhoji kura ya kodi ya mheshimiwa yule yule? Pesa hizo zikipelekwa shuleni moja kwa moja, mdomo wake unafunguka.

Ningeanza na ombi moja la Kifungu cha 119, lisilohitaji sahihi 24,000: kila mswada wa kodi na wa mkopo upigiwe kura kwa majina, na orodha ibandikwe katika ofisi ya kila eneo bunge, kwa Kiswahili, kabla ya wiki kwisha.