Nafsi ya Kweli na Yule Mwenye Jina

Wanaofundisha kuamka kiroho karibu wote hukubali kwamba mtu si jina lake, kazi yake wala historia yake. Wanachotofautiana ni kinachobaki. Advaita Vedanta, falsafa ya Kihindu ya India, hufundisha kuwa hubaki atman, nafsi isiyobadilika. Buddha alikataa: alimchambua mtu katika mafungu 5, yaani mwili, hisia, utambuzi, misukumo ya nia na fahamu, na hakukuta fungu linalostahili kuitwa "mimi".

Ubishi huo ni mzito vitabuni kuliko katika kutafakari kwenyewe, ambako pande zote mbili huanza kwa kumchunguza huyo "mimi". Tuchukue njia ya Ramana Maharshi (1879–1950), mwalimu wa kiroho wa India. Wazo likizuka, jiulize limemjia nani. Jibu ni "mimi". Basi mimi ni nani? Usijibu kwa maneno. Tulia na ile hisia ya kuwapo mpaka wazo jingine likuvute, kisha anza upya. Wengi huligeuza swali kuwa uradi: ulimi huzoea, uchunguzi hufa. Wengine humgundua "shahidi" anayetazama mawazo, wakampenda, wakamvika cheo cha mtu aliyeamka. Hapo utambulisho umebadili vazi tu, tena huu mpya ni mgumu kuunasa kwa sababu hujisifia unyenyekevu.

Lakini wanaotaka utambulisho ufutwe kabisa hawasemi nani atalipa madeni. Yule mwenye jina ndiye anayetimiza ahadi na kuomba radhi. Katika miaka ya 1980, mwanasaikolojia John Welwood alieleza jinsi watu wanavyokimbilia mambo ya kiroho ili kukwepa majeraha ya moyo. "Hasira hii si yangu," mtu husema, kabla hajaisikia vizuri, halafu inawaangukia watoto jioni. Hatari nyingine ni kujihisi uko mbali na mwili wako, dunia ikionekana si halisi. Hali hiyo ikija na hofu au ganzi, au ikikuvurugia usingizi, acha kutafakari kwa sasa, umwone daktari. Kurefusha vikao huweza kuizidisha.

Kwangu mimi, Junayd wa Baghdad (alifariki 910), mwalimu wa Kisufi, aliliweka jambo hili vizuri zaidi: baada ya fanaa, nafsi kutoweka mbele ya Mungu, huja baqaa, yaani kubaki, na mtu hurudi kwa watu akiwa na akili timamu na wajibu wake wote. Anayetaka kujipima asiulize aliona nini akiwa amefumba macho. Aangalie anavyojibu akikosolewa na mtu anayemjua vizuri.