Presha haipimwi mbiombio

Habari inasema waliopimwa bure stendi ya Moshi "wamekutwa na presha". Kwa kipimo kimoja? Mtu katoka Mbuyuni na mkungu wa ndizi kichwani, kapiga kahawa, anafungwa mkanda juu ya sweta, mkono unaning'inia. Lazima isome juu! Akae kwanza dakika 5, mgongo umeegemea, miguu haijapishana, haja ndogo ameshamaliza, mkono wazi mezani usawa wa moyo, na asiongee. Apimwe mara mbili, dakika 1 katikati. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene nao hupandisha namba. Ikirudi 140/90 au zaidi siku nyingine, hapo sawa, ni presha. Kusubiri kichwa kiume ni kujidanganya, wengi hawasikii chochote. Ila 180/120 na kifua kinabana au mdomo umepinda: hospitali saa hiyohiyo.