"Perfect" ni bila kosa au ni kukamilika?

Huu ubishi nakutana nao kila mara, mmoja anasema "perfect" ni kitu kisicho na kosa hata moja, mwingine anamwambia hapana, rudi kwenye asili ya neno utakuta ni kukamilika tu. Wote wana pointi ila kila mmoja anavutia kwake kupita kiasi.

Neno lilianzia Kilatini, perficere, yaani kufanya jambo mpaka mwisho, likapita kwa Wafaransa wa zamani likawa parfit na Waingereza nao wakaliandika hivyohivyo mpaka wasomi walipoirudisha ile c ya Kilatini. Hapo hamna habari ya kosa, kuna kumaliza. Na maana hiyo haijafa, tuliosoma grama tunaijua perfect tense, "nimekula", kazi imeisha, ndo maana kwa Kiswahili tunaiita hali timilifu. Hata "nimekosea" ni perfect tense na kosa limo humohumo! Katiba ya Marekani ya 1787 nayo inaanza kwa kutaka muungano uwe "more perfect", sasa kama perfect ni kutokuwa na kosa kabisa hiyo "zaidi" inaongeza nini?

Lakini asili haiwezi kumfunga msemaji wa leo. Shikamoo tunaambiwa ilitoka kwenye kushika miguu, nani leo anaamkia huku kashika miguu ya mtu? Tumebaki na heshima basi. Mwalimu akiandika perfect kwenye daftari la mtoto anamaanisha kapata zote, huwezi kumwambia eti ulimaanisha mtoto kamaliza kuandika.

Panaponigusa ni Mathayo 5:48, tuwe wakamilifu kama Baba wa mbinguni alivyo mkamilifu. Kuna watu wanausoma huo mstari wanakata tamaa kabisa, wanaona Mungu anawadai wasikosee hata siku moja. Kigiriki pale ni teleios, linatokana na telos, mwisho au lengo, na hiyo kamili yetu tuliyoitoa kwenye Kiarabu nayo ni utimilifu vilevile. Halafu panda juu kidogo usome, habari ni kuwapenda hata maadui, maana jua lake linawaangazia waovu na wema, yaani upendo mzima usiochagua watu. Kwa hiyo hapo niko na wale wanaorudi kwenye asili ya neno, ila kilichonishawishi sio Kilatini wala Kigiriki, ni ile mistari ya juu yake.