Mfugaji anayeuza nguruwe mgonjwa usiku anaamini nini?

Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, na mfugaji wa Nyanda za Juu Kusini hana chanjo ya kumchoma mnyama wake. Kirusi chake hakimdhuru binadamu, lakini kikiingia bandani kinaweza kumaliza nguruwe wote. Husafiri na mnyama aliyeuzwa, na mabaki ya nyama yanayochanganywa kwenye chakula cha nguruwe, hata na buti za mtu aliyetoka banda la jirani. Silaha za serikali ni zilezile za miaka mingi: karantini, kuzuia usafirishaji, kuua na kufukia, kupulizia dawa mabanda. Zote zinamsubiri mtu mmoja, yule anayeona nguruwe wake ameacha kula, masikio yamebadilika rangi na kuwa mekundu, kisha akaamua kumpigia simu bwana mifugo. Akiamua vinginevyo, anamwita mnunuzi wa kitimoto usiku huohuo.

Ugonjwa huu ulizuka Kyela mwaka 2010, mpakani na Malawi, na mikoa yetu imeuona tena baada ya hapo. Kila ukirudi, maofisa wanalalamika kwamba wananchi hawaamini wataalamu.

Lalamiko hilo lina msingi. Wapo wanaosema karantini ni njama ya kuua biashara, na wapo wanaoamini kwamba anayekuja kuchukua damu ya mnyama ndiye anayeleta ugonjwa. Uvumi wa namna hiyo umeshaua watu. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa-Mvumi, wilayani Chamwino mkoani Dodoma, watafiti wawili wa kilimo kutoka kituo cha utafiti cha Selian, Arusha, na dereva wao walikwenda kuchukua sampuli za udongo. Wakaitwa wanyonya damu, wakauawa na kuchomwa moto. Hakuna kosa la serikali yoyote linaloweza kuhalalisha jambo lile, na sitalipima na kitu kingine.

Tunajua pia kinachowezekana watu wakikubali. Sotoka, iliyoteketeza ng'ombe wa Afrika Mashariki miaka ya 1890, ilitangazwa mwaka 2011 kuwa imetokomezwa duniani. Ilimalizwa kwa chanjo, na chanjo ile isingefika popote kama wafugaji wasingetoa ng'ombe wao.

Lakini shaka ya wananchi nayo ina historia yake. Chukua viwavijeshi vamizi walioingia nchini mwaka 2017. Mkulima aliambiwa apulizie dawa. Kiwavi yule akikua hujificha ndani ya majani machanga yaliyojikunja katikati ya mhindi, kwa hiyo aliyechelewa kupulizia alimwaga dawa juu ya majani na kiwavi akaendelea kula. Ongeza dawa feki zinazopenya kwenye maduka ya pembejeo. Mkulima huyo hana maabara ya kumwonyesha kama kosa ni la dawa, la muda au la ushauri. Anachojua ni kwamba fedha imekwenda na mahindi yamekwenda. Wakati huo kuna wenzake walikuwa wakitia majivu na mchanga katikati ya mche, na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kuhusu kiwavi huyu, ikazitaja mbinu hizo za wakulima. Ni vigumu kumwita mjinga mtu ambaye mbinu yake imeingia kwenye mwongozo wa kimataifa.

Halafu kuna UVIKO-19. Mei 2020 Rais John Magufuli alieleza hadharani kwamba sampuli za papai na mbuzi zimetoa majibu ya maambukizi, akatilia shaka kazi ya maabara ya taifa. Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya kamera na kuzindua chanjo. Kwangu uamuzi wa pili ndio uliokuwa sahihi. Ila mwananchi wa Mbozi alizisikia kauli zote mbili kutoka kwenye kiti kilekile, na shaka yake hakuiokota kilabuni.

Hata hivyo, kwa homa ya nguruwe nadhani tunakosea tunaposema tatizo ni imani kwa sayansi. Yule anayeuza nguruwe usiku ameiamini sayansi kabisa. Anajua ni homa, anajua haina dawa, anajua kesho kutwa banda litakuwa tupu, ndiyo maana ana haraka. Asichoamini ni kwamba serikali itasimama naye akishatoa taarifa. Soko litafungwa, wanyama watafukiwa, na ada ya mtoto itabaki palepale. Anachofanya ni uovu kwa jirani yake, ambaye ataamka na ugonjwa bandani mwake bila kupata hata senti moja ya mauzo yale, na sheria imbane. Lakini semina ya elimu kwa wafugaji haitamgusa, kwa sababu elimu anayo.

Kinachoweza kumgusa ni fidia, hata ya sehemu tu ya thamani, inayolipwa mapema na kwa uwazi. Wapinzani wa wazo hili wanasema ni gharama kubwa, na kwamba watu watakusanya mizoga kutoka kila kona wadai malipo. Hofu hiyo ni ya kweli, na ina jibu: wanaolipwa wawe wale waliotoa taarifa wakati wanyama wangali hai, wakahesabiwa na bwana mifugo pamoja na mwenyekiti wa kijiji, na mizoga isilipiwe. Majibu ya sampuli nayo yasomwe kwenye mkutano wa kijiji zilikotoka, hata yakiwa kwamba haukuwa homa. Wakala ya Maabara ya Veterinari ina kituo Iringa, kwa hiyo umbali usiwe kisingizio.