Ua wa Aberdare umezeeka: tuujenge upya palepale?

Nguzo ya mbao haidumu kwenye udongo mbichi wa Nyandarua. Huoza pale inapoingia ardhini, na siku ndovu akiiegemea huanguka na nyaya zake. Ua wa umeme unaozunguka hifadhi ya Aberdare, safu ya milima ya katikati ya Kenya, ulianza kujengwa 1989. Rais Mwai Kibaki alipouzindua rasmi 2009, kipande cha kwanza kilikuwa kimetimiza miaka 20. Ni ua wa kilomita karibu 400, na sehemu kadhaa mbao zimeanza kuondolewa ili kuweka nguzo za plastiki iliyosindikwa. Ukarabati huu unarudisha swali ambalo wengi walidhani lilijibiwa zamani: je, ua ukichakaa tuusimamishe upya palepale?

Anayetaka usimame ana hoja nzito, na mara nyingi anakaa upande wa nje. Muulize mkulima wa viazi wa Nyeri au Nyandarua mambo yalivyokuwa kabla ya ua. Usiku ulikuwa wa moto, debe la kugonga na mbwa, na bado asubuhi ungekuta kabichi za msimu mzima zimekanyagwa. Sheria ya wanyamapori ya 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya anayeuawa na mnyama, lakini malipo hayo yamezoeleka kuchelewa miaka. Kwake yeye waya wenye umeme unasaidia kuliko fomu.

Msitu nao umenufaika. Shirika la Rhino Ark lilianzishwa 1988 kwa ajili ya kifaru mweusi, na ua wenyewe ulikusudiwa kipande kifupi cha upande wa mashariki tu. Ulipoongezwa hadi kuuzunguka mlima mzima, ulifunga pia njia za wachoma mkaa na wapasua mbao. Nairobi inapata sehemu kubwa ya maji yake kutoka mabwawa ya Ndakaini na Sasumua, yanayojazwa na mito ya milima hii. Bongo wa milimani, swala wakubwa wa msituni ambao porini hawazidi mia moja, wamebaki katika misitu michache tu nchini, na Aberdare ni mmojawapo.

Upande wa pili pia una mengi ya kusema. Ndovu wa Aberdare na wa Mlima Kenya zamani walitembeleana. Leo kati yao kuna miji, barabara na mashamba, na ua umekuja kupiga muhuri utengano huo. Mnyama aliyefungiwa huzaliana na jamaa zake na kula miti ileile kila mwaka. Kuna na kumbukumbu chungu. Wakati wa Hali ya Hatari ya miaka ya 1950, wakoloni waliwalazimisha wanavijiji kuchimba handaki refu pembezoni mwa msitu wa Mlima Kenya ili wasiwapelekee chakula wapiganaji wa Mau Mau. Mama anayezunguka mbali kufika getini, kibali cha kuni mkononi, ana haki ya kuuliza ua huu mpya unamzuia nani. Isitoshe, ua hauzuii uamuzi wa ofisini: mpango wa barabara ya Ihithe hadi Ndunyu Njeru, unaokatiza ndani ya hifadhi, haukuhitaji kukata waya hata mmoja.

Mimi naona jibu linategemea kilichobaki ng'ambo ya waya. Aberdare, ng'ambo ni boma la mtu na shule ya watoto. Ukiung'oa ua leo, ndovu hatarudi kwenye mapito ya babu zake. Ataingia kwenye mahindi na kupigwa risasi. Hapo usimamishwe palepale, geti za wenye vibali ziongezwe. Lakini hoja hiyo isibebwe kwenda Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, yenye kilomita za mraba 117 tu. Kule kusini, ng'ambo ya mto Mbagathi, nyumbu na pundamilia bado wana mahali pa kwenda, ingawa panapungua kila ploti inapouzwa Kitengela. Kufunga upande huo kungeifanya mbuga kuwa bustani ya wanyama. Kaskazini mwa Mlima Kenya walipata njia ya kati: waliacha ushoroba, yaani ukanda wa wanyama kupita, wakajenga kivuko chini ya barabara ya Nanyuki kwenda Meru, na ndovu wakaanza kupita chini ya malori mwanzoni mwa 2011.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba mjadala wote unahusu ujenzi, ambao ndio rahisi kuchangiwa. Ua huu haumshindi ndovu kwa nguvu. Wapo waliojifunza kuvunja nguzo kwa pembe, maana pembe haipitishi umeme. Kinachomzuia ni kumbukumbu ya shoti aliyowahi kupata mkongani. Shoti nayo hudhoofishwa na kitu kidogo sana: nyasi ndefu zenye umande zikigusa waya wa chini, umeme unavujia ardhini usiku kucha.

Kwa hiyo kila asubuhi lazima awepo mtu, panga mkononi na kipima umeme mfukoni, atembee kipande chake akisikiliza ile tik, tik ya nyaya. Mfadhili hupigwa picha akisimamisha nguzo. Mshahara wa mfyekaji, mwezi baada ya mwezi kwa miaka 20 ijayo, ndio ningependa kuuona kwenye bajeti kabla shimo la kwanza halijachimbwa.